Mji mkuu mpya, lakini ni wa nani? Funzo la Brasília, Dodoma na Abuja kwa kijana wa mjini

Kama bado wewe ni wa kubeba pesa taslimu, hebu toa noti moja mfukoni uiangalie vizuri. Iwe ni ya Sh50 au ya Sh1,000, kuna kitu kimoja kisichobadilika: jumba la KICC. Noti hizi zilizinduliwa Juni 1, 2019, baada ya Katiba ya 2010 kupiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Zamani ungekuta sura ya rais. Sura ya binadamu ilipokataliwa, ilibidi Kenya itafutiwe sura nyingine. Ikachaguliwa saruji.

Hata hapo mzozo haukukosa. Mbele ya KICC kuna sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, nayo inaonekana kwenye noti. Kesi ikafika mahakamani, walalamishi wakidai kwamba sanamu pia ni picha ya mtu. Mzozo ulihusu sanamu, si jengo.

Sasa angalia historia ya jengo lenyewe. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, msanifu majengo kutoka Norway, akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Lilianza kama makao makuu ya chama cha KANU, kisha likapanuliwa ili liweze kupokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani uliofanyika Nairobi mwaka wa 1973. Kwa hivyo hili jumba tunaloliita letu lilichorwa kwa mkono wa mgeni, likajengewa chama kimoja na likakuzwa kwa ajili ya mabenki ya kimataifa. Lakini leo ukiona mnara ule wa duara na ule ukumbi wake wenye paa lililochongoka kama msonge, unajua uko nyumbani.

Ilikuwaje? Na kwa nini wewe, unayehangaika na kodi ya keja na nauli ya matatu, ujali? Kwa sababu mambo haya hayakuisha miaka ya 1970. Tanzania imehamishia serikali yake Dodoma. Misri inajenga mji mkuu mpya jangwani. Indonesia imeanzisha Nusantara katika kisiwa cha Borneo. Na humu nchini, tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, kaunti zimekuwa zikijenga makao yao makuu, huku Konza ikiendelea kuinuka kwenye ardhi ya ekari 5,000. Kila mara tunaonyeshwa michoro ya kuvutia ya kompyuta: vioo, miti, barabara safi, watu wachache wanaotembea bila haraka. Kabla hujapendezwa na mchoro unaofuata, ni vizuri ujue michoro iliyotangulia iliishia wapi.

Saruji ilipokuwa bendera

Katikati ya karne iliyopita, nchi nyingi zilikuwa zinatoka kwenye ukoloni au zinajaribu kuufuta usoni. Kila nchi ilihitaji bendera, wimbo wa taifa na pesa zake. Kisha kulikuwa na swali la majengo. Ikulu, mahakama na ofisi za serikali zilikuwa zimejengwa na mkoloni kwa mtindo wake. Rais mpya angeingia mle mle alimokuwa anakaa gavana, na kuketi huenda kwenye kiti kile kile.

Ndipo mtindo wa usanifu wa kisasa ukaja kama jibu. Unaujua hata kama hujui jina lake: saruji iliyoachwa wazi bila mapambo, mistari iliyonyooka, paa bapa, madirisha marefu, jumba lililoinuliwa juu ya nguzo. Viongozi waliupenda kwa sababu tatu.

Kwanza, haukufanana na majumba ya gavana. Pili, haukuwa wa kabila wala dini yoyote. Katika nchi yenye makabila mengi, ukijenga bunge kwa umbo la nyumba ya watu fulani, wengine watauliza yao iko wapi. Saruji tupu haina kijiji ilikotoka. Tatu, mtindo huo ulisema kwamba nchi iko mbioni, haingojei kuvutwa mkono na mtu.

India ilionyesha mfano mapema. Ilipogawanywa mwaka wa 1947, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili na jiji lake la Lahore likabaki Pakistan. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru akaamua jimbo hilo lijengewe mji mkuu mpya, Chandigarh, mji ambao haungefungwa na mambo ya kale. Kazi ikaangukia Le Corbusier, mzaliwa wa Uswisi aliyefanyia kazi Ufaransa, akisaidiwa na binamu yake Pierre Jeanneret pamoja na Waingereza wawili, Maxwell Fry na Jane Drew.

Hapo ndipo penye kitendawili. Fry na Drew walikuwa pia wamechora majengo Afrika Magharibi, kikiwemo chuo kikuu cha Ibadan, wakati Waingereza bado wanatawala huko. Mtindo uliouzwa kama lugha ya uhuru ulikuwa umeshatumiwa na mkoloni katika miaka yake ya mwisho. Ukisikia mtu akisema jengo fulani “linaonyesha utaifa wetu,” usimeze tu. Jengo halizaliwi na uraia. Huupata baadaye, au huukosa kabisa.

Brasília: Dereva na waziri hawakukaa jengo moja

Hakuna mji unaotajwa zaidi kuhusu mambo haya kuliko Brasília. Brazil ilipata uhuru kutoka kwa Ureno mwaka wa 1822, lakini kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo ilitawaliwa kutoka pwani, Rio de Janeiro, kama alivyofanya Mreno. Rais Juscelino Kubitschek aliingia madarakani mwaka wa 1956 akiahidi maendeleo ya miaka 50 ndani ya miaka mitano. Mji mkuu mpya katikati ya nchi, mahali palipokuwa na nyika tu, ndio ulikuwa kilele cha ahadi hiyo.

Lúcio Costa alishinda shindano la kuchora ramani mwaka wa 1957. Ukiiangalia kutoka juu, ramani hiyo ina umbo la ndege. Oscar Niemeyer akachora majumba makubwa: bunge, ikulu, mahakama ya juu, kanisa kuu. Mnamo Aprili 21, 1960, mji ukazinduliwa. Miaka minne haikuwa imetimia tangu kazi ianze. Hapa kwetu kuna barabara za mtaa zinazochukua muda mrefu kuliko huo.

Costa hakuwa mtu wa majumba ya fahari tu. Mitaa yake ya makazi ilikuwa na majengo ya orofa sita, yote yakifanana, yenye bustani, shule na maduka karibu. Wazo lilikuwa kwamba watu wa vyeo tofauti wangekaa pamoja, watoto wao wacheze chini ya miti ile ile. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana.

Lakini kulikuwa na watu ambao ramani haikuwawekea nafasi: wale waliokuwa wanaijenga. Maelfu ya vibarua, wengi kutoka majimbo maskini ya kaskazini mashariki, walifika kufanya kazi ya mjengo. Waliitwa candangos. Waliishi kambini, katika vibanda vya mbao, na ilidhaniwa kwamba kazi ikiisha wataondoka. Nani huondoka mahali palipo na kazi? Wewe ungeondoka?

Mwaka wa 1958, miaka miwili kabla mji kuzinduliwa, serikali ililazimika kuanzisha mji wa pembeni wa Taguatinga ili kuwahamishia baadhi yao. Kumbuka hilo: mtaa wa wanyonge ulikuwepo kabla ya mji mkuu wenyewe kufunguliwa. Mwaka wa 1971 ukafuata mji wa Ceilândia. Jina lake linatokana na CEI, kifupi cha kampeni ya serikali ya kuwaondoa watu waliojenga vibanda mahali pasiporuhusiwa. Yaani watu walifurushwa, kisha mtaa wao mpya ukapewa jina la kampeni iliyowafurusha.

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 ilionyesha kwamba wilaya ya mji mkuu wa Brazil ina wakazi takriban milioni 2.8. Walio wengi wanaishi nje ya lile umbo la ndege. Asubuhi wanapanda basi kwenda kupika, kulinda, kufagia na kuendesha magari ndani ya mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1987. Jioni wanarudi mbali. Anayetoka Kayole kila alfajiri kwenda Upper Hill haitaji kuelezewa zaidi.

Na saruji haikulinda demokrasia pia. Miaka minne baada ya uzinduzi, mwaka wa 1964, jeshi lilipindua serikali na kutawala hadi 1985 kutoka ndani ya majumba hayo hayo yaliyochorwa na Niemeyer, ambaye mwenyewe alikuwa mkomunisti na akaenda kuishi uhamishoni.

Dodoma: Mji wa ujamaa uliochorwa Canada

Turudi nyumbani Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani kuanzia mwaka wa 1891. Ni bandari, na kwa mkoloni bandari ni mlango wa kutoa mali. Mwaka wa 1973, chama cha TANU chini ya Mwalimu Julius Nyerere kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, kwenye ardhi kavu ya Wagogo. Hoja ilikuwa rahisi kueleweka: nchi iliyotangaza kupitia Azimio la Arusha la 1967 kwamba itajengwa na wakulima haiwezi kuendelea kutawaliwa kutoka ufukweni.

Kinachofurahisha ni kwamba mpango wa Dodoma ulikuwa kinyume cha Brasília. Mpango mkuu wa mwaka wa 1976 haukutaka barabara pana ya gwaride wala mnara wa kutisha watu. Ulitaka jamii ndogondogo zilizounganishwa, kila moja na huduma zake, kwa mfano wa vijiji vya ujamaa. Watu wangetembea kwa miguu, wangeendesha baiskeli na kupanda mabasi. Majengo yangekuwa mafupi na vilima vingeachwa vilivyo. Ukisoma hayo leo, wakati kila mtu anazungumzia miji isiyotegemea magari, utadhani yaliandikwa juzi.

Ila waliouchora mpango huo walikuwa kampuni ya Project Planning Associates kutoka Toronto, Canada. Baadaye kituo cha mji kikachorwa na James Rossant, msanifu wa New York. Siasa ya kujitegemea ikachorewa mji na wageni. Si kwamba wageni hao walikuwa wabaya. Mpango wao ulikuwa na utu. Lakini inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kujitegemea hata kwenye kuwaza, kama hujawasomesha wasanifu wako wa kutosha.

Kisha pesa zikaisha. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 vikala hazina, na miaka ya 1980 uchumi ukayumba. Bunge lilihamia Dodoma mwaka wa 1996, lakini mawaziri walikuja kwa vikao na kurudi zao Dar. Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa mji mkuu wa vitabu vya shule. Mtoto aliandika “Dodoma” kwenye mtihani, lakini mwenye shida ya wizara alikata tiketi ya Dar.

Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia. Mwaka wa 2017 alivunja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa imesimamia mji tangu 1973. Wakazi walikuwa wameilalamikia kwa muda mrefu kuhusu ardhi, na mojawapo ya mambo yaliyowakera ni kwamba ilitoa hati za miaka 33 tu wakati sehemu nyingine za nchi watu walipata hati za miaka 99. Fikiria hilo. Mji uliotangazwa kuwa wa wananchi ulimpa mwananchi ardhi kwa muda ambao haungemtosha kumaliza kulea watoto na kuwarithisha. Mwaka wa 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Wizara zikajengewa mji wa serikali eneo la Mtumba, na mwaka wa 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa ikaanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma. Wakazi waliokuwa kama 410,000 katika sensa ya 2012 walizidi 760,000 katika ile ya 2022.

Kuna kisa kimoja hapo ambacho nakuomba ukitafakari. Mwezi Mei 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino, Dodoma. Tafuta picha zake mtandaoni, kisha uziweke kando ya picha za Ikulu ya Magogoni, Dar es Salaam. Zinafanana sana: kuta nyeupe, matao yale yale. Magogoni ilijengwa upya na Waingereza miaka ya 1920 ili iwe makao ya gavana wao. Kwa hivyo baada ya miaka 50 ya kupanga mji usiokuwa na kivuli cha mkoloni, Tanzania ilipopata pesa ya kujenga nyumba ya rais wake, ilichagua sura ile ile ya nyumba ya gavana.

Je, huko ni kushindwa? Unaweza kusema hivyo. Lakini kuna jibu jingine: Mtanzania aliyezaliwa baada ya uhuru hajawahi kuiona Magogoni kama nyumba ya gavana. Aliijua tangu akiwa mtoto, Nyerere akiwa ndani, kisha Mwinyi, kisha Mkapa. Kwake ni Ikulu, basi. Kama ilivyo kwa KICC yetu, matumizi yalishinda asili.

Abuja: Katikati isiyo ya mtu

Nigeria ilikuwa na shida nyingine. Lagos ilikuwa imejaa, lakini pia ilikuwa jiji la Wayoruba katika nchi iliyotoka tu kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1967 hadi 1970. Mwaka wa 1976 serikali ya kijeshi ya Jenerali Murtala Mohammed ilitunga sheria ya kuanzisha mji mkuu mpya katikati ya nchi. Eneo lilichaguliwa kwa hoja kwamba hakuna kabila lolote kati ya yale makubwa matatu lingeweza kudai ni lake. Sehemu ya katikati ya mji ilichorwa na Mjapani maarufu Kenzo Tange, na serikali ikahamia rasmi Desemba 12, 1991. Msikiti wa kitaifa na kanisa la kitaifa viko karibu karibu, ili kila upande ujione.

Wazo la katikati isiyo ya mtu linavutia, hasa kwa sisi tunaojua siasa za kikabila zinavyouma. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Wagbagyi na jamii nyingine ndogo walikuwa wakiishi na kulima pale. Kwa kuwa walikuwa wachache, nchi kubwa iliona ni kama hapana mtu. Wengi walihamishwa, na madai yao ya fidia yameendelea kwa miongo mingi. Kati ya 2003 na 2007 ubomoaji mkubwa ulifanywa kwa hoja kwamba majengo fulani yalikuwa yamevunja mpango mkuu, na maelfu ya watu wakapoteza makao. Leo wafanyakazi wengi wa kipato cha chini wanakaa Nyanya, Karu na mitaa mingine ya pembeni, wakipambana na foleni ya magari asubuhi na jioni. Ni Ceilândia tena, kwa lugha nyingine.

Unaona mtindo? Ramani inachorwa kwa jina la taifa. Walioikuta ardhi wanaambiwa wapishe. Wajenzi wanaambiwa waondoke. Kisha vyote viwili vinashindikana, na mji wa pili unaota pembeni bila maji ya kutosha wala reli.

Nani atafika mlangoni?

Kuna jambo moja zaidi ambalo wasanifu hawalitaji sana, lakini wewe uliyeishi mwaka wa 2024 utalielewa haraka. Ni umbali kati ya watu na mamlaka.

Nairobi haikupangwa na taifa huru. Ilizaliwa kama kituo cha reli, na mpango wake wa mwaka wa 1948 uliitwa waziwazi mpango wa mji mkuu wa kikoloni. Ina makosa chungu nzima. Lakini ina kitu ambacho miji mingi iliyopangwa haina: bunge liko mjini. Ukishuka matatu Kencom, unatembea dakika chache tu. Juni 2024, vijana walioupinga Mswada wa Fedha walifika katikati ya jiji kwa miguu yao, na Juni 25 baadhi wakaingia hadi ndani ya bunge. Watu waliuawa siku hiyo, na hilo si jambo la kupita juu juu. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia saini mswada huo.

Sasa chukua hilo bunge uliweke mbali na mamilioni ya watu. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Mji mpya wa serikali ya Misri uko kilomita 45 hivi mashariki mwa Cairo, mbali na uwanja wa Tahrir ambako watu walijazana mwaka wa 2011. Serikali ya kijeshi ya Myanmar ilihamia Naypyidaw mwaka wa 2005, zaidi ya kilomita 300 kutoka Yangon. Kila serikali ina maelezo yake: msongamano, usalama, kuendeleza maeneo yaliyosahaulika. Baadhi ya maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Ukiwahi kukaa kwenye foleni ya Cairo hutabisha. Lakini matokeo ni kwamba mwenye nauli ndiye anayefika mlangoni kwa mwenye mamlaka, na hata akifika anajikuta kwenye barabara pana isiyo na kivuli, mtu mmoja katikati ya uwanja mkubwa.

Wala ukaribu peke yake hauleti wema. Brasília, Januari 8, 2023, wafuasi wa rais wa zamani Jair Bolsonaro walivamia bunge, ikulu na mahakama ya juu kwa sababu hawakukubali matokeo ya uchaguzi. Umati unaweza kudai haki na unaweza kuipinga. Hoja yangu ni kwamba mahali jengo linapowekwa ni uamuzi wa kisiasa, hata kama umeandikwa kwa lugha ya uhandisi.

Watu huirekebisha ramani

Ingekuwa vibaya nikuache ukidhani miji hii ni makaburi ya saruji. Watu wana njia ya kuvichukua vitu.

Pale Brasília, kila mwaka watu wa jamii za asili za Brazil hupiga kambi kwenye ule uwanja mpana wa wizara kudai ardhi zao. Mahali palipochorwa kwa ajili ya magari na magwaride pamekuwa mahali pa kudai haki. Pale Abuja, mwaka wa 2014, waliodai wasichana waliotekwa nyara Chibok warudishwe walikutana kwenye chemchemi ya Unity Fountain siku baada ya siku. Pale Chandigarh, mkaguzi wa barabara aliyeitwa Nek Chand alikusanya kisirisiri vigae na vyungu vilivyovunjika, vingine kutoka vijiji vilivyobomolewa kupisha mji, akajenga bustani ya sanamu msituni bila kibali. Serikali ilipoigundua ilikaribia kuibomoa. Badala yake ikafunguliwa kwa umma mwaka wa 1976, na ni kati ya sehemu zinazotembelewa sana mjini humo. Le Corbusier alichora mji wa mistari iliyonyooka, lakini wageni wengi humiminika kwenye vijia vilivyopinda vya yule mkaguzi.

KICC nayo ilipita njia kama hiyo. KANU iliposhindwa katika uchaguzi wa 2002, serikali mpya ililitwaa jumba hilo Februari 2003 na kulirudisha mikononi mwa umma. Mwaka wa 2007, pale pale ndipo kura zilijumlishiwa na mambo yakaharibika, nchi ikatumbukia kwenye ghasia. Jumba lile limebeba fahari yetu na aibu yetu. Huenda ndiyo sababu linatufaa kwenye noti kuliko mchoro wowote mpya.

Uulize nini basi?

Siku kiongozi akija na michoro inayong'aa, iwe ni ya makao makuu ya kaunti, mji wa teknolojia au mtaa wa nyumba za bei nafuu, una haki ya kuuliza. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, na cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani. Anza na maswali haya.

Fundi atalala wapi? Si waziri, si mwekezaji. Fundi, mlinzi, mama mboga na dereva wa bodaboda. Kama hawako kwenye ramani, mtaa wao wa mabati utaota pembeni kabla utepe haujakatwa, kama Taguatinga.

Ardhi ilikuwa ya nani jana? Ukiambiwa ilikuwa tupu, uliza tena. Nenda ukawaulize wanaochunga pale.

Hati ni ya miaka mingapi, na nani ataruhusiwa kununua? Wakazi wa Dodoma walisubiri miongo minne swali hilo lijibiwe.

Nauli ya kufika ni pesa ngapi? Kama mkazi wa kawaida wa kaunti hawezi kwenda kulalamika na kurudi siku hiyo hiyo, ofisi imejengewa wenye magari.

Nani alichora, na nani alijifunza kitu? Hakuna ubaya kumwita mgeni. Ubaya ni mgeni kuondoka bila kijana mmoja wa hapa aliyekaa naye mezani, kama Mutiso alivyokaa na Nøstvik.

Hutahitaji shahada ya usanifu kuuliza hayo. Utahitaji tu kwenda kwenye ule mkutano wa ushirikishaji wa umma ambao kwa kawaida huwa na wazee kumi, maafisa watano na viti vingi vitupu. Tangazo huwa dogo, gazetini au kwenye ukurasa wa kaunti, na mara nyingi tarehe huwa imekaribia mno. Litafute. Ukiona ramani imebandikwa ukutani, tafuta mtaa wako kwanza, kisha uulize kwa nini haupo.